Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu: Fizikia itoke darasani, ije tulipo

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Kwa wakuu wa mikoa na wakurugenzi wa halmashauri zote. Na kwa wanaopanga vipindi vya redio ya taifa.

Waheshimiwa, salaam.

Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, nilikuwa kibarazani nasahihisha madaftari. Kufikia saa 2 na nusu mtaa mzima ulikuwa nje. Mwezi ulikuwa umemegwa taratibu kutoka ubavuni, na sasa ulikuwa wote mwekundu kama tofali la kuchoma. Watoto walikuwa kimya. Bibi mmoja jirani yetu alitoa sufuria akaanza kuligonga kwa mwiko, kama alivyofundishwa na wakubwa wake, ili mwezi uachiwe. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki yake, akanifuata pale nilipokaa. "Shikamoo mwalimu. Wewe si ndiye wa fizikia? Hiki ni nini?"

Nikaomba chungwa na ndimu kwa mama anayeuza matunda pale kona. Simu ya kijana ikawa jua, chungwa likawa dunia, ndimu ikawa mwezi. Nikaizungusha ndimu mpaka ikaingia gizani nyuma ya chungwa. Watu wakaitikia. Lakini yule kijana hakuridhika. "Ndimu imekuwa nyeusi tu, mwalimu. Ule wekundu unatoka wapi?"

Nikamwambia kwamba dunia, tofauti na chungwa lile, imejifunika blanketi la hewa. Mwanga wa jua unapopita kwenye kingo za dunia, hewa hutawanya sehemu yake ya bluu, na ule mwekundu unaobaki hupindishwa kwa ndani hadi ukaufikia mwezi. Wekundu aliokuwa akiutazama ni mwanga wa macheo na machweo yote yaliyokuwa yakitokea duniani kwa dakika ile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe kuna watu saa hii jua linawazamia, na sisi tunaliona huko juu."

Nimefundisha mada ya mwanga kwa miaka 19 katika shule za sekondari za kata, na sijawahi kusahihisha jibu la mtihani lililoielewa mada hiyo kuliko sentensi ile. Kijana aliyeitamka aliishia darasa la saba.

Ndiyo sababu nawaandikia. Mtaa wetu ulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyekaa kibarazani kwa bahati tu. Mitaa mingine usiku ule ilimuuliza nani?

Na tungeweza kujiandaa. Kupatwa kwa mwezi hakuji kwa kushtukiza. Saa na dakika yake hujulikana miaka mingi kabla. Nakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, siku ya Alhamisi, jua lilipopatwa na kubaki pete ya moto angani. Njia ya pete ile ilipita kusini mwa nchi yetu, na watu walisafiri kutoka mbali kwenda Rujewa, wilayani Mbarali, kuitazama. Sehemu nyingine za nchi tuliliona jua limemegwa kama hilali. Shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, uongozi ulitoa agizo tuwafungie wanafunzi madarasani na kufunga madirisha mpaka jua litakaporudi sawa. Nia ilikuwa njema, kulinda macho yao. Lakini nilipopita uwanjani kukaribia saa 6 mchana niliona chini ya mwembe kitu ambacho sijakisahau: kila tundu la mwanga lililopenya kwenye majani lilikuwa limechora hilali ardhini. Mamia ya vijua vilivyomegwa, vinacheza juu ya vumbi kila upepo ukivuma. Ulikuwa uwanja mzima wa somo la mwanga kusafiri katika mstari mnyoofu, salama kabisa, bila shilingi moja, kwa kuwa mtoto angelitazama jua kwa kuinamisha kichwa na kutazama chini. Wanafunzi 400 walikuwa ndani, wakisubiri liishe.

Nililikubali agizo lile. Najuta mpaka leo.

Sasa kupatwa kwingine kwa jua kunakuja. Tarehe 2 Agosti 2027, Jumatatu mchana, jua litapatwa lote katika njia itakayopita Afrika Kaskazini, Luxor kule Misri, Jeddah na Makka, Yemen, hadi ncha ya kaskazini ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6, muda ambao wengi walio hai leo hawatauona tena. Ndugu zetu walioko Oman na kwingine Ghuba wataliona jua limemegwa vibaya sana. Sisi Afrika Mashariki tutaona sehemu tu ikifichwa, Kenya zaidi kuliko Tanzania, na hapa kwetu kaskazini na pwani zaidi kuliko kusini. Lakini itazameni tarehe yenyewe. Ni siku ya pili ya maonesho ya Nane Nane. Siku hiyo wakulima, wafugaji, wavuvi, wanafunzi na akina mama wenye watoto mgongoni watakuwa wamejaa Nyamhongolo, Themi, Nzuguni na viwanja vingine, wamelipa nauli wenyewe, wamekuja kwa nia ya kujifunza kitu kipya. Sijui ni lini tena anga na kalenda ya serikali vitakubaliana namna hii.

Ombi langu la kwanza ni hilo. Kila uwanja wa Nane Nane wa 2027 ambako kupatwa kutaonekana uwe na banda moja la jua. Halihitaji darubini ya mamilioni. Linahitaji maboksi yaliyotobolewa tundu dogo, karatasi nyeupe, biskuti zile zenye vitobo, kwa maana kila kitobo cha biskuti hutupa picha ya jua kwenye karatasi, na walimu wanaojua kueleza. Miwani ya kutazamia jua ikinunuliwa, iwe yenye kiwango cha ISO 12312-2 na ikaguliwe kabla ya kugawiwa. Miwani ya kawaida ya jua, filamu za eksirei na vioo vya kupaka masizi haviyalindi macho. Maelezo hayo yaanze kutolewa mapema, redioni, misikitini na makanisani. Waislamu wana swala yao ya kupatwa kwa jua, kwa hiyo masheikh wengi huzifuatilia tarehe hizi kuliko sisi walimu. Waiteni tukae nao meza moja.

Ila banda la siku moja halitoshi, na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini zaidi.

Tumezoea kuiona fizikia kama mali ya wenye mitihani. Mtoto akifika kidato cha tatu na kuiacha, tunahesabu kwamba yeye na fizikia wameachana moja kwa moja. Wakati maisha yake yote yaliyobaki atakuwa anaishi ndani yake: atapanda kivuko, atanunua umeme, atapika, atajenga nyumba, atakimbia radi. Nitawaonyesha mambo mawili ambayo nimeyafanya kwa mikono yangu, kwa kuwa sipendi kuomba kitu ambacho sijakijaribu.

Kwa muda sasa, Jumamosi moja kila mwezi, naweka meza sokoni, pembeni ya wauza dagaa. Juu yake huwa na beseni la maji, vikombe vya plastiki, mishumaa, sumaku, chupa, na betri kuukuu. Kuna siku niligeuza kikombe kifudifudi nikakikandamiza majini. Kikaelea, nusu nje, kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Nikawaambia waliosimama wakiguse, wakisukume, wahisi jinsi hewa inavyokataa. Kisha nikapasha msumari kwenye mshumaa, nikatoboa kitako cha kikombe. Hewa ikatoka kwa sauti ya "fssss", na kikombe kikazama mbele ya macho yao, kikakaa chini ya beseni.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa amesimama nyuma na ndoo yake, akasema taratibu: "Hiyo ni Bukoba."

Waheshimiwa, kwa watu wa Kanda ya Ziwa sentensi ile haihitaji maelezo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Ilielea kwa muda, tumbo juu, na ndani yake watu walisikika wakigonga bati. Waliokuja kuokoa walitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa, ile ile iliyoibeba meli na kuwapa pumzi waliokuwa ndani, ikatoka, na meli ikazama. Siwalaumu waliotoboa. Walisukumwa na huruma, na mbele ya mlio ule wa kugonga ningetoboa hata mimi. Ila miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati la Ukara na watu zaidi ya 220 kufariki, fundi mmoja wa kivuko alitolewa hai baada ya takribani siku mbili. Alikuwa amekaa mahali palipobaki na hewa.

Mzee yule alikaa mezani kwangu zaidi ya saa nzima. Aliniuliza kwa nini mtumbwi wenye magunia chini hutulia kuliko wenye watu waliosimama, ingawa uzito ni uleule. Tukachukua chupa mbili, moja tukaweka mchanga kitakoni, nyingine tukafunga jiwe shingoni, tukazieleza habari ya kitovu cha uzito majini bila kutamka hata neno la mtaala. Akaondoka akisema atawaambia vijana wake wasisimame wote upande mmoja wanapovuta nyavu. Ombi langu la pili linatoka kwake: kila gati la kivuko nchini liwe na beseni lile. Mtu anayesubiri kivuko dakika 40 ana muda wa kuona kwa macho kwa nini anaambiwa aketi, na kwa nini abiria wote wakikimbilia mlango mmoja kivuko hulalia upande. Tangazo la ukutani lenye maandishi mekundu halimfikishii mtu ujumbe kama kikombe kinachopinduka mkononi mwake.

Jambo la pili ni umeme. Dada mwenye saluni alinijia pale mezani akilalamika kwamba uniti zake za LUKU zinaibwa. Nikamuuliza ana vifaa gani. Tukasoma pamoja maandishi yaliyo nyuma ya kila kifaa: drayer wati 1,000, birika wati 2,000, pasi ya nywele, taa mbili za wati 10 kila moja. Nikamwambia uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, basi. Akapiga hesabu mwenyewe kwa kidole mezani. Birika lile likiwaka nusu saa limekula uniti nzima. Taa moja ya wati 10 ingeichukua uniti hiyo hiyo saa 100 kuimaliza. "Kwa hiyo mimi nawagombeza wanangu wazime taa," akasema, "na mwizi ni birika!" Akawa amejifunza nishati na nguvu ya umeme kwa dakika 10, na nadhani hatazisahau mpaka kaburini.

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Takwimu hiyo tumeisikia redioni mara nyingi. Ni wangapi kati ya wanaoisikia wameelezwa kwamba megawati moja ni wati milioni moja, na kwamba wanaweza kuipima kwa birika lao? Serikali hiyo hiyo ina mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mkakati mzuri, nauunga mkono. Lakini mama anayeogopa jiko la presha kwamba litalipuka hatalinunua kwa kuona bango. Mwambieni kwamba pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, Njombe kwenye mwinuko huchemka karibu na nyuzi 94, na ndiyo maana maharage ya Njombe yanachelewa kuiva. Na kwamba jiko la presha hufunga mvuke ndani mpaka maji yafike karibu nyuzi 120, hivyo maharage yanaiva upesi. Mwonyesheni vali ya usalama inavyofanya kazi. Akishaelewa kinachotokea ndani ya chombo, hofu inapungua yenyewe.

Na sisi tunaobeba fizikia kwenda kwa watu tukubali kwamba mara nyingi tutaikuta imeshafika. Nani asiyeijua habari ya Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa inagombewa, naye akaona akisubiri ataikosa, akayatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Aliuliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na jibu likawa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ni mpaka alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, ndipo mtu mmoja alilichukulia swali lile kama swali, akarudi kulipima maabara. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la kimataifa la ufundishaji wa fizikia, na tangu hapo dunia inalibishania jambo hilo kwa jina la Mpemba, wengine wakiliona na wengine wakishindwa kulipata kwenye vipimo vyao.

Kuna kipande cha habari hiyo ambacho hatukisimulii vya kutosha. Kabla ya Osborne, Mpemba alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu Tanga mjini. Rafiki yule alimwambia yeye hutia mchanganyiko wa moto makusudi, maana huganda upesi. Wauza aiskrimu wengine wa Tanga nao walikuwa wakifanya hivyo. Walijua. Walikuwa wakijua siku zote, jikoni kwao, na hakuna mwenye fizikia aliyewahi kwenda kuwauliza.

Mkwawa ya leo ni chuo kikuu kishiriki kinachofundisha walimu. Ningeomba, na hili naliomba kwa heshima kubwa, kwamba mwanachuo wa fizikia anayekwenda mazoezi ya kufundisha, awe anatoka Mkwawa au chuo kingine chochote, atakiwe kukaa angalau Jumamosi mbili sokoni, bandarini au kijiweni, akiwa na meza, beseni na daftari. Daftari ni la kuandika maswali atakayoulizwa na mambo atakayofundishwa yeye. Akiketi na wavuvi wa Bagamoyo au Kilwa, watamweleza bamvua na maji mafu kwa tarehe za mwezi bila kukosea, na jinsi maji yanavyochelewa kila siku kwa chini kidogo ya saa nzima. Yeye atawaeleza kwa nini: kwamba mwezi na jua vikivuta katika mstari mmoja maji hujaa sana na kupwa sana, vikivuta kwa pembe mraba maji hulegea. Kila upande utaondoka na kitu. Wazee wetu walisema juu ya kilimia, lile kundi la nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu aliyetunga usemi ule alikuwa ameitazama anga mwaka baada ya mwaka, akaandika matokeo yake kwa njia ambayo mkulima hawezi kuisahau.

Kuhusu lugha, naomba tusirudi kwenye kisingizio kwamba Kiswahili hakina maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) walichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kani, tungamo, mchapuko, kanieneo, ukinzani, yote yamo tangu wakati huo. Yamekaa kwenye rafu kwa sababu maneno hukua kwa kutamkwa, na hakuna mahali palipopangwa pa kuyatamka. Kule Kerala, India, kundi la waandishi na walimu lilianza mwaka 1962 kuandika sayansi kwa Kimalayalam, lugha ya mama zao. Chama chao, Kerala Sasthra Sahithya Parishad, kilikuja kupeleka misafara ya sayansi kijiji kwa kijiji, na maigizo na nyimbo, na kikapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 1996. Hawakungoja mjadala wa lugha ya kufundishia uishe. Na sisi tusiungoje. Mtihani uendelee kuwa kwa lugha yoyote mtakayoamua. Sokoni na redioni lugha inajulikana.

Redio, waheshimiwa. Nchi hii iliwahi kufanya jambo ambalo mataifa yalikuja kujifunza. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima takribani milioni 2 katika vikundi, kila kikundi na redio yake, kijitabu chake na kiongozi wake aliyepewa mafunzo. Walisikiliza kipindi pamoja, wakasoma, wakajadili, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Marehemu baba yangu alikuwa kwenye kikundi kimoja. Mpaka anazeeka alikuwa akituambia "tulisoma redioni" kwa fahari ile ile ya mtu aliyesoma chuo. Kama tuliweza wakati kijiji kizima kina redio chache za betri, leo ambapo karibu kila mfuko una simu tunashindwaje? Naomba nusu saa kwa wiki kwenye redio ya taifa na redio za jamii, saa ambayo watu wako nyumbani, kipindi cha fizikia kwa Kiswahili kinachoanza na swali la msikilizaji. Kwa nini vioo vinafunikwa na nguo nyekundu zinavuliwa wakati wa radi, na je, inasaidia? Haisaidii. Kinachosaidia ni kutoka ziwani na chini ya mti, kuingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa, na kuhesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, maana kila sekunde 3 ni kama kilomita 1, na ukihesabu chini ya 30 radi iko karibu nawe. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, hasa usiku, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini. Kipindi kimoja tu cha namna hiyo kikisikika mwaloni kina thamani kuliko ninavyoweza kueleza.

Kingine kitasimulia kwamba setilaiti ya kwanza duniani kutumwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake ni miongoni mwa vilivyowafanya wanasayansi washuku kwamba kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki. Nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi, hakuna aliyewahi kuisikia. Neno la lugha yao limo kwenye historia ya mashimo meusi, na wao wanadhani habari hizo ni za watu wengine.

Mtaniuliza fedha zitoke wapi. Meza yangu yote, pamoja na beseni, nimeikamilisha kwa vitu ambavyo vingi nilivitoa nyumbani au kuokota. Majengo mnayo. Miaka ya 2014 na 2015 wananchi walichangishwa mchanga, kokoto, tofali na fedha ili kila shule ya kata iwe na maabara. Katika shule moja niliyopitia, chumba kile kiligeuzwa stoo ya madawati mabovu, na mama aliyebeba ndoo za mchanga kukijenga hajawahi kuingia ndani. Mfungulieni. Jumamosi moja kwa mwezi mlango wa maabara ya kata uwe wazi kwa mwananchi yeyote, na mwalimu atakayekaa pale apewe posho ndogo ya siku, iandikwe kwenye bajeti ya halmashauri kama kifungu kinachosomeka, ili isitegemee huruma ya mkuu wa shule. Tanga tayari wana kituo chao cha STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambapo watoto hushika na kujaribu vitu, na Young Scientists Tanzania kwa miaka mingi wamewapa wanafunzi wa sekondari jukwaa la kuonyesha tafiti zao. Waiteni mkae nao. Wanajua mengi ambayo mimi na meza yangu hatuyajui.

Mimi, tukijaliwa uzima, tarehe 2 Agosti 2027 nitakuwa Nyamhongolo. Nitakuja na boksi lenye tundu, karatasi nyeupe na pakiti chache za biskuti. Yule kijana wa bodaboda ameshasema atanibeba bure, na yule bibi wa sufuria ameniomba nimwekee nafasi. Kama mtakuwa mmetenga banda, tutawakuta humo. Kama halipo, tutatafuta mwembe.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata,
Mwanza